Wagombea wanaahidi lami, spea feki zinatumaliza

Ndugu Mhariri,

Ninasoma gazeti lenu tangu Dodoma haijapewa hadhi ya jiji na sijawahi kuwaandikia. Safari hii mmenilazimisha. Ile ripoti yenu ya vipaumbele vya wagombea katika usafiri ilijaa lami, stendi na mabasi mapya. Spea hazikutajwa, gereji hazikutajwa. Mwandishi wenu hakuwauliza, na wao hawakujisumbua kusema.

Nani kawaambia kwamba watu wa mkoa huu wanaendesha magari mapya? Magari mengi yanayoingia gereji kwangu yalishatumika Japani miaka mingi kabla ya kupanda meli. Yanatembea kwa sababu ya spea na fundi, basi.

Mteja wangu mmoja ana Noah ya abiria. Alinunua brekipedi dukani hapa hapa mjini: boksi limefungwa vizuri, stika inang'aa, bei karibu sawa na ya orijino. Hazikumaliza wiki. Alikuwa anateremka Nyang'oro akitoka Iringa, gari limejaa watu, akakanyaga breki, pedali ikazama. Akarudisha gia mpaka namba moja na kulibana gari kwenye ukingo wa mlima hadi likasimama. Lilipofika kwangu likivutwa, nilifungua tairi la mbele nikakuta bati tupu. Lainingi yote, ile sehemu inayosugua diski, imebanduka, gundi imeacha madoa ya kahawia, na bati limeila diski mpaka imechimbika mfereji. Pedi ya upande wa pili nilimegua kwa vidole kama mkate mkavu. Tukaenda wote dukani. Muuzaji akasema yeye hajui, mzigo umetoka Kariakoo. Risiti hakuwa ametoa. Mle ndani ya gari mlikuwa na mama na kichanga mgongoni, Mhariri! Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, Tume ya Ushindani ipo, Shirika la Viwango (TBS) lipo, na Bunge lenyewe liko hapa hapa kwetu. Mtu anataka kura zetu aende kukaa humo, halafu hana hata sentensi moja ya kusema juu ya breki feki?

Wenzetu wanawabana wanasiasa wao. Marekani, vyama vya wauza spea na gereji hueleza madai yao waziwazi, na kubwa ni haki ya fundi asiye wa kampuni kupata taarifa za kutengenezea gari. Jimbo la Massachusetts wananchi waliipigia kura haki hiyo mwaka 2012 ikapita, wakaiongezea nguvu mwaka 2020 kwa data zinazorushwa na gari bila waya. Afrika Kusini nao wana mwongozo ulioanza 1 Julai 2021, unaomruhusu mwenye gari lenye waranti kulipeleka kwa fundi wa nje. Hapa, gari la kisasa likiwasha taa ya injini, mashine yangu inasoma namba ya hitilafu lakini kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, inagoma kunifungulia, na mteja anapakia gari kwenye lori kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400.

Na sijagusa wizi wa saiti mira. Ukilaza gari nje bila kuchonga namba kwenye kioo, asubuhi huna kioo. Kuna watu wameuziwa vioo vyao wenyewe.

Ninapendekeza hivi. Wagombea wote wa ubunge waje Kizota Jumamosi alasiri, wajibu mbele ya mafundi: watadai bungeni iwekwe hapa Dodoma sehemu ya kupimia brekipedi, beringi na tairodi za usukani, fundi apeleke asubuhi apate jibu kabla ya saa kumi jioni? Spea ikifeli, jina la aliyeiingiza nchini libandikwe ukutani stendi ya Nanenane, kwa herufi zinazosomeka ukiwa ndani ya basi. Gazeti lenu lichapishe majibu ya kila mmoja, na asiyefika aandikwe kwamba hakufika.

Fundi magari,
Kizota, Dodoma