ECU mpya, sensa za zamani: pima joto na presha kabla ya kutuni

Gari limefungwa ECU ya kutuni (kompyuta ya injini ambayo mipangilio yake unaweza kuibadilisha), iwe MegaSquirt, Speeduino, Link au Haltech. Asubuhi linawaka vizuri, lakini likishapata moto linakunywa mafuta, plagi zinakuwa nyeusi na feni ya radieta haizunguki hata injini ikikaribia kuchemsha. Wengi hukimbilia jedwali la mafuta, linaloiambia ECU inyunyize mafuta kiasi gani, na kuanza kupunguza. Mara nyingi jedwali halina kosa lolote. ECU inaambiwa maji yako nyuzi 66 wakati yako 90, au kwamba presha ya menifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini) ni kilopaskali (kPa) 60 wakati ni 41. Ukituni juu ya namba hizo, siku sensa itakaposomwa sawasawa kazi yote inaanza upya.

ECU haioni joto wala presha. Inaona volti kati ya 0 na 5, kisha inaangalia kwenye jedwali la sensa ndani ya programu yake volti hiyo ina maana gani. Kuseti sensa ni kuhakikisha maana hiyo ni ya kweli kwa sensa hii, kupitia waya hizi, kwenye gari hili. Kuchagua jina la sensa kwenye menyu ni mwanzo tu.

Sensa za joto

Sensa ya joto ni rezista ambayo ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Ya Bosch iliyozoeleka ina omu 2,500 kwenye nyuzi 20, omu 323 kwenye nyuzi 80 na omu 187 kwenye nyuzi 100. Ya GM inaanzia juu zaidi, kama omu 3,500 kwenye nyuzi 20, lakini kwenye nyuzi 100 inafika omu 177, karibu sawa na ya Bosch. Ndiyo maana ukichanganya hizi mbili kwenye menyu, gari likiwa la moto kila kitu kinaonekana sawa, halafu asubuhi linasumbua kuwaka. Sensa nyingi za Toyota ziko kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye 80.

Ndani ya ECU kuna rezista nyingine iliyoungwa kwenye umeme wa volti 5. Kwenye MegaSquirt na Speeduino ni ya omu 2,490. Volti inayosomwa ni 5 × omu za sensa ÷ (omu za sensa + 2,490). Kwa sensa ya Bosch, nyuzi 20 hutoa volti 2.5, na nyuzi 90, ambapo sensa ina omu 243, hutoa volti 0.44 tu.

Hapa ndipo kosa tunalokutana nalo zaidi linapoingilia. Kontrol boksi ya awali (ECU ya kiwandani) imeachwa garini ili dashibodi na giaboksi viendelee kufanya kazi, na fundi akaunga waya wa ECU mpya kwenye sensa ile ile ya maji. Sasa sensa moja inalishwa na rezista mbili. Kama zote ni za omu 2,490, kwa pamoja ni sawa na omu 1,245. Injini ikifika nyuzi 90, volti inapanda kutoka 0.44 hadi 0.82, na ECU inasoma nyuzi 66 au 67. Kwa ECU hiyo injini haijapata moto, kwa hiyo inaendelea kuongeza mafuta ya kuamshia injini, na feni uliyoiseti iwake kwenye 92 haiwaki kamwe. Kontrol boksi ya zamani nayo inadanganyika vivyo hivyo. Usijaribu kulirekebisha hili kwa kupinda jedwali la sensa. Weka sensa ya pili kwa ajili ya ECU mpya, kwenye adapta ya mpira wa juu wa radieta au mahali pengine kwenye kichwa cha injini maji yanapopita. Baadhi ya ECU zinaruhusu kuzima rezista zake za ndani. Kama yako inaruhusu, izime, kisha useti jedwali kwa volti zinazopimwa kwa mita.

Sensa usiyoijua asili yake inahitaji pointi tatu. Ya kwanza ni nyuzi 0: ponda barafu, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza sensa na subiri dakika 5. Barafu ya friza isiyochanganywa na maji huwa chini ya sifuri, kwa hiyo usiipime hiyo. Ya pili ni maji ya uvuguvugu, karibu nyuzi 40, kwenye chupa ya chai ili yasipoe haraka, na kipimajoto cha kidijitali kikiwa kando ya ncha ya sensa. Ya tatu ni maji yanayochemka, sensa ikining'inia bila kugusa chini ya sufuria. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94, si 100. Ukiandika 100 kwa mazoea ya darasani umeweka kosa la nyuzi 6 palepale unapolihitaji jedwali zaidi. Mombasa na Dar es Salaam andika 100, Arusha 95.

Sensa ya hewa yenye ncha wazi usiitumbukize kwenye maji moja kwa moja, kwa sababu maji ya bomba hupitisha umeme na kuharibu kipimo. Ivalishe kidole kilichokatwa kwenye glovu ya mpira, funga vizuri, na subiri muda mrefu kidogo zaidi.

Sensa ya MAP (presha ya menifoldi), na kwa nini Nairobi si 101

Presha ya hewa Nairobi, kwenye mwinuko wa kama mita 1,800, ni karibu kPa 82. Kampala ni 88. Mombasa ni 101. Ukifungua ufunguo bila kuwasha injini, MAP inapaswa kusoma namba ya mahali ulipo. Tumeona majedwali yaliyosogezwa hadi 101 kwa sababu mtu aliona 82 akadhani sensa imekufa. Matokeo yake kila presha inasomwa kPa 19 juu ya ukweli: gari linapewa mafuta ya mzigo lisiloubeba, na lenye turbo linakatwa mafuta kabla ya kufika bust (presha ya turbo) uliyoiseti.

Pia usichukue namba ya programu ya hali ya hewa kwenye simu, ile ya 1,015 au 1,020. Hiyo imekokotolewa kana kwamba uko usawa wa bahari. Kama simu yako ina baromita ndani, tumia programu inayoonyesha kipimo chake ghafi.

Tuchukue sensa iliyoandikwa kPa 20 kwa volti 0.4 na kPa 300 kwa volti 4.65. Kila volti moja ni kPa 65.9. Nairobi, injini ikiwa imezimwa, mita ikuonyeshe volti 1.34 kwenye waya wa ishara, na Mombasa 1.63. Pointi ya pili ipate kwa pampu ya mkono ya vakyum: ivute hadi geji isome kPa 50 chini ya hewa, na ECU isome 32 ukiwa Nairobi. Kwa gari la turbo ongeza ya tatu kwa pampu yenye geji: kPa 100 juu ya hewa iwe 182. Zikikubaliana zote tatu ndani ya kPa 2, endelea. Zikitofautiana kwa kiasi kile kile kote, shaka ethi (waya wa hasi) kabla ya sensa.

Ethi ya sensa lazima irudi kwenye pini ya ethi ya sensa ya ECU, si kwenye bodi wala kwenye injini. Tofauti ya milivolti 50 tu kwenye sensa hii ya MAP ni kPa 3.3, na injini isiyokanyagwa mafuta ikiwa kwenye kPa 40 hilo ni kosa la asilimia 8. Kwenye sensa ya maji, milivolti hizo hizo zinafanya nyuzi 90 isomeke 86. Pima hivi: mita kwenye milivolti, ncha moja kwenye ethi ya sensa na nyingine kwenye pini ya ECU, injini inawaka, taa na feni zimewashwa. Zaidi ya milivolti 10, tafuta kiungo kibovu.

Presha ya mafuta na oili

Sensa nyingi za presha za kuongezea hutoa volti 0.5 hadi 4.5. Ya bar 10 ina bar 2.5 kwa kila volti. Baadhi ya ECU huuliza thamani kwenye volti 0 na volti 5, si 0.5 na 4.5. Hapo andika -1.25 na 11.25. Ukiandika 0 na 10, petroli yenye bar 3 halisi itasomeka 3.4. Linganisha na geji ya kimekanika kwenye reli ya injekta, na uwe na kizima moto karibu.

Skrini ikionyesha nyuzi -40, waya umekatika au soketi haijaingia. Usiguse jedwali.

Ukituletea gari, njoo na namba iliyochapwa kwenye kila sensa, jina la ECU na mchoro wa waya kama upo. Tunaomba gari lilale hapa usiku mmoja. Asubuhi, kabla halijawashwa, maji, hewa na oili vyote viko kwenye joto moja, na sensa zote lazima ziseme namba moja, tofauti isizidi nyuzi 2. Isiyokubaliana na wenzake ndiyo tunayoanza nayo.