ETA na Franco: tuangalie miaka kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba ETA, lile kundi la silaha la Wabaski (watu wa kaskazini mwa Hispania wenye lugha yao) lililotaka nchi huru, walikuwa wapigania uhuru tu, eti walipambana na Franco, dikteta wa Hispania, mpaka udikteta ukaanguka na Wabaski wakapata haki zao, na kwamba sasa yaishe watu wasahau. Hadithi hii naikuta kila mahali, watu wanaipenda kwa sababu ni tamu, ila ukishaipanga kwa miaka haikai.

Mwanzo wake simbishii. Vijana walioanzisha ETA mwaka 1959 walikulia chini ya Franco, mtu aliyeshinda vita ya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939 kwa msaada wa ndege za Hitler zilizouteketeza mji wao wa Guernica, halafu akaifukuza lugha yao mashuleni na maofisini, na polisi wake walikuwa wanatesa watu kweli kweli. Mwaka 1968 ETA wakamuua Melitón Manzanas, mkuu wa polisi wa siasa kule San Sebastián, na watu waliomlilia hawakuwa wengi. Halafu Desemba 1973 ndo ile ya Madrid ambayo kila mtu anaisimulia, walikodi chumba cha chini ya jengo, majirani wakiuliza kelele ni za nini wanaambiwa sisi wachongaji sanamu, kumbe wanachimba handaki mpaka katikati ya barabara, na Luis Carrero Blanco, waziri mkuu wa Franco, alipopita akitoka kanisani gari lake likarushwa juu likavuka paa la jengo zima likaangukia upande wa pili. Walikufa yeye, dereva na mlinzi wake.

Sawa. Sasa hesabu. Franco alikufa kitandani Novemba 1975, hakuuliwa na mtu. Mpaka siku hiyo waliouawa na ETA hawakufika 50. Jumla yao mpaka mwisho ni zaidi ya 850. Yaani huyo dikteta tunayeambiwa ndiye sababu ya bunduki alishazikwa, wafungwa wa siasa wakasamehewa 1977, katiba ikapigiwa kura 1978, Wabaski wakapitisha sheria yao ya kujitawala 1979, wakapata bunge lao, polisi wao, lugha yao ikarudi shuleni, hata kodi wanakusanya wenyewe, na hayo yote waliyapata wanasiasa mezani, hasa chama cha kizalendo cha Wabaski, PNV, wakati ETA wanayaita usaliti. Na mwaka uliomwaga damu kuliko yote ni upi? Ni 1980! Watu zaidi ya 90 kwa mwaka mmoja, demokrasia ndo kwanza inajifunza kutembea.

Hao 850 sio majenerali wote. Juni 1987 waliegesha gari la bomu kwenye supamaketi ya Hipercor, Barcelona, wakati watu wako kwenye shopping, na bomu lenyewe lilichanganywa petroli na sabuni ili moto ugande mwilini, wakafa watu 21 na watoto wamo. Walipiga simu kutoa onyo, ni kweli, na ni kweli pia polisi na duka walizembea hawakutoa watu, lakini nani aliweka bomu? Mwaka mmoja kabla walimuua Yoyes, mwanamke aliyewahi kuwa kiongozi wao wenyewe, kosa lake ni kwamba alichoka akarudi nyumbani kuishi, wakampiga risasi kijijini kwao Ordizia akiwa na mtoto wake wa miaka 3. Wenye viwanda nao walikuwa wanatumiwa barua yenye mhuri wa nyoka na shoka, lipa "kodi ya mapinduzi" la sivyo. Wanaodaiwa ni Wabaski haohao eti wanaokombolewa.

Na serikali nayo isijifanye safi, hapa msomaji mwenzangu angekuwa na hoja nzito kama angeitumia. Kati ya 1983 na 1987 kulikuwa na kikosi cha siri cha kuwawinda ETA kinaitwa GAL, kinalipwa kwa pesa ya umma, kikaua watu 27, wengi ndani ya Ufaransa, na baadhi yao hawakuwa na uhusiano wowote na ETA. Vijana wawili, Lasa na Zabala, walitekwa Bayonne wakateswa wakazikwa kwenye chokaa, ikachukua mpaka 1995 mifupa yao kutambuliwa. Waziri wa zamani wa mambo ya ndani, José Barrionuevo, akahukumiwa miaka 10 mwaka 1998 kwa kesi ya utekaji wa GAL na akatoka baada ya miezi tu. Kwa maoni yangu GAL waliwaongezea ETA maisha, kila kijana aliyekuwa anasita alipata jibu.

Kilichowamaliza ni Ufaransa kuacha kuwa maficho yao (viongozi wao wakubwa walinaswa Bidart mwaka 1992) na pia watu wao kuwachoka. Julai 1997 walimteka Miguel Ángel Blanco, diwani wa miaka 29 wa mji mdogo wa Ermua, wakatoa saa 48 wafungwa wao wasogezwe karibu na nyumbani, muda ukaisha wakampiga risasi kichwani mikono imefungwa. Mamilioni waliingia barabarani nchi nzima, na kwenye nchi ya Wabaski kwenyewe, ambako kwa miaka watu walikuwa wananyamaza kwa woga, polisi walivua barakoa walizokuwa wanavaa ili ETA wasiwatambue, mbele ya umati, na watu wakaenda kuwakumbatia. ETA waliendelea kuua miaka mingine mingi, ila baada ya pale hawakuwa walewale. Wakatangaza kuacha mashambulizi moja kwa moja Oktoba 2011, wakajivunja Mei 2018, na nchi huru hawakuipata.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu anaposema sasa yaishe watu wasahau, ajue kuna mauaji zaidi ya 300 ambayo mpaka leo hakuna aliyehukumiwa, na wanaojua nani alifyatua wengine bado wako hai. Waseme kwanza.

Msomaji wenu wa siku zote