Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Filamu za Wanawake wa Kiinuiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, walimu wetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu.

Filamu ya leo, Tautuktavuk, ni ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa nchi za baridi kali za kaskazini, na ilitoka mwaka 2023. Waongozaji wake, Carol Kunnuk na Lucy Tulugarjuk, ndio pia waigizaji wakuu. Ndugu wawili wa kike wametengwa na UVIKO-19, mmoja akiwa Montreal, mwingine Igloolik, kisiwa cha kaskazini mwa Kanada. Wanazungumza kwa simu ya video mpaka maumivu ya ukatili wa zamani yanapata kusemwa.

Igloolik si mahali pa kupokea kila picha inayoletwa. Wakazi wake waliikataa televisheni kwa kura mara mbili, mwaka 1975 na 1979, kwa kuwa haikuwa na lugha yao, Kiinuktitut. Mwaka 1991 wanawake wa hapo walianzisha kikundi chao cha video, Arnait. Wanajua kutengana ni nini: watoto walipelekwa shule ya bweni huko Chesterfield Inlet, mbali na kwao, kati ya 1955 na 1969, na wagonjwa wa kifua kikuu walichukuliwa kwa meli hadi hospitali za kusini. Wengine hawakurudi.

Mheshimiwa, tunaomba uangalie nyuso. Muinuiti husema ndiyo kwa kuinua nyusi, na hapana kwa kukunja pua, bila kutoa sauti. Mhariri asiyejua huona kimya tu, akakikata, na jibu zima likapotea. Mpigapicha naye akibana fremu ikaishia chini ya nyusi, hakuna wa kuliokoa jibu hilo. Katika mazungumzo ya majeraha, mara nyingi jibu la kwanza huja hivyo. Kwa hiyo tunafundisha kuacha kamera ikiendelea walau sekunde kumi baada ya swali.

Sauti ya simu ya video hukatika, hasa Nunavut, eneo la Kanada lenye Igloolik, ambako intaneti imetegemea setilaiti. Dawa yake ni kuweka kinasa sauti kila upande, na kila mzungumzaji apige kofi moja mbele ya kamera yake ili mhariri apate pa kuoanisha sauti na picha. Nje kwenye baridi kali, betri ya akiba hukaa ndani ya koti, kifuani. Kamera hufungwa kwenye mfuko wa plastiki huko huko nje kabla ya kuingizwa ndani, na haifunguliwi mpaka ipate joto la chumba. Ukiharakisha, ukungu hutanda ndani ya lenzi.

Na wafasiri wetu wasikimbilie neno “dada” kila mahali. Kwa mwanamke wa Kiinuiti, angajuk ni dada yake mkubwa, nukaq ni mdogo wake wa kike. Kiswahili kinatosha kabisa hapo: “mdogo wangu” hubeba ulezi ambao “dada” peke yake haliusemi.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza ni mshauri nasaha, akae chumba cha pembeni wakati wa onyesho na saa moja baada yake, kwani humu ukumbini wamo watakaoguswa. Mlango wa nyuma tutauacha wazi, na taa za pembeni hatutazizima. La pili ni vinasa sauti viwili na maikrofoni nne za kubana kwenye nguo. Tulivyonavyo ni vya kuazima.

Tunaomba kuwasilisha.