Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: upepo wa Singida usingoje ukame mwingine

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Buguruni. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti na madirisha. Wakati wa mgao wa umeme wa 2022 tuliendesha kazi kwa jenereta. Petroli ilikula faida ya geti zima, na moshi ulikuwa unaingia moja kwa moja kwa mama lishe wa jirani, akipika huku amejifunika kanga puani.

Leo mitambo yote 9 ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, ipo kazini, na naishukuru Serikali kwa dhati. Umeme ukikatika siku hizi mtaani kwetu, mara nyingi ni nyaya au transfoma. Ninachohofia ni kwamba tukishashiba umeme wa maji, upepo tutausahau. Mabwawa ya umeme ya Mtera, Kidatu, Kihansi na hilo la Nyerere yote yapo bonde moja, la Rufiji. Mvua ikigoma Nyanda za Juu Kusini, yanaumia yote kwa pamoja.

Upepo unavuma sana kiangazi, mito inapopungua. Kila saa mapanga ya mitambo ya upepo yanapozunguka, maji yanabaki bwawani yakisubiri jioni, Dar es Salaam nzima inapowasha taa na feni. Bwawa kubwa ndilo linaloufanya upepo uwe na faida zaidi kwetu, maana upepo ukitulia, maji yanafunguliwa. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay nayo itachomwa kidogo, idumu, na hewa ipumue.

Vipimo vya kasi ya upepo vya Kititimo, Singida, vilitoa wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, Makambako 8.9. Lakini mitambo ya upepo tunayoweza kuionyesha ni 3 tu ya mradi wa Mwenga kule Mufindi, megawati 2.4. Wenzetu Kenya wana 365 kando ya Ziwa Turkana, megawati 310. Wao mitambo ilisimama ikingoja njia ya umeme hadi 2018. Sisi njia ya kilovolti 400 tayari inapita Singida!

Mkulima wa alizeti hahitaji kuhama. Mnara unachukua kipande cha ardhi na barabara yake, kwingine anaendelea kulima, mradi fidia ilipwe kabla ya kuchimba msingi. Ndege nao wapimiwe njia zao mapema.

Na minara ile ni chuma, Mheshimiwa. Mkataba useme wazi kwamba sehemu ya kazi ya kukata na kuchomelea itafanyika nchini, na vijana wa chuo cha ufundi cha VETA Singida wafundishwe matengenezo kabla mitambo haijafika bandarini.

Ninaloomba ni ratiba iliyotangazwa hadharani: mkataba lini, ujenzi lini, megawati ngapi, na umeme utauzwa kwa bei gani kwenye gridi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa kuchomelea, Buguruni, Dar es Salaam