Msinibadilishie tyubu tu, nipimeni

Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo, mie ni mama wa watoto wanne nakaa Wete na huu mwaka wa tatu nawashwa. Sio mbu wala harara, ni muwasho unaoanza kwenye vifundo vya miguu baada ya isha unapanda mpaka mgongoni, nalala na kanga mbichi mapajani na kitana chini ya mto, asubuhi shuka ina vidoa vya damu.

Mwanzo nikaambiwa karafuu, maana msimu ule nilikuwa nachambua kila siku. Nikaacha kuchambua, muwasho haukuacha. Kisha ikawa upele, na hapo sina lawama, tulielezwa vizuri kwamba ni kidudu kinachimba ndani ya ngozi, tukapakwa dawa nyumba nzima siku moja, shingo mpaka vidole vya miguu, hata mume wangu asiewashwa, tukafua kila kitu, tukaambiwa muwasho unaweza kubaki wiki kadhaa hata vidudu vikishakufa. Tukangoja, miezi ikapita, na nyumbani hakuna mwengine anaejikuna.

Baada ya hapo ndo ikawa tyubu za dawa ya kupaka. Kila nikenda nakuta daktari mwengine, naanza kueleza upya, anatazama mkono dakika moja anaandika tyubu, ya fangasi, ya aleji, ya mchanganyiko. Hii ya mchanganyiko ilinipa raha siku nne tano, nikiacha muwasho unarudi na hasira, na kwa vile dukani naiuziwa bila ya cheti nikawa najipaka mwaka mzima. Sasa ngozi ya mapaja imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, imejaa michirizi. Hakuna alienambia kuwa ndani yake mna steroidi, dawa kali ya kutuliza muwasho, na kuwa inaweza kuuficha ugonjwa mpaka anaetazama asiutambue. Wauza dawa jamani, hilo mngetwambia japo kwa neno moja.

Na watu nao. Kwenye maulidi jirani yangu alinipa salamu kwa mbali, mkono kauficha ndani ya buibui, nilirudi nyumbani na sahani yangu ya pilau sijaigusa.

Mwaka huu nikampata daktari mmoja kijana akanambia, "Mama, mie bado sijajua una nini." Wallahi nilitaka kulia kwa faraja. Akasema muwasho mwengine hauanzii kwenye ngozi kabisa, unaweza kutoka kwenye ini, figo, tezi ya shingo, hata upungufu wa madini ya chuma, akaniandikia vipimo vya damu na vyengine mpaka nivuke Unguja. Nauli ya boti na siku mbili za kula na kulala huko sio kitu kidogo kwa mtu kama mie. Ini na figo ni salama alhamdulillahi, tezi bado.

Ninachowaomba madaktari wetu ni hichi, mkiwa hamjajua semeni, na muandike. Daftari langu la hospitali lina majina ya dawa tu, hakuna ukurasa unaosema hii tumejaribu haikufaa, hili tumepima halipo. Nimekaa na mwanangu wa skuli tumeyaandika humo wenyewe kwa peni nyekundu, tangu karafuu mpaka leo. Mwezi ujao navuka tena, na huyo atakaenipokea namuomba alisome kwanza kabla hajaniandikia kitu.

Mama wa Wete, Pemba