Malalamiko kuhusu nyaya za taa za mbele zilizofungwa kwenye Peugeot 504

Lubumbashi, Komini ya Kampemba

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Yahusu: kupinga uamuzi wa idara yenu ya ufundi

Nimepokea jibu la idara yenu linalosema kwamba hamtanirudishia pesa wala kulitengeneza gari langu, kwa sababu fyuzi ilikutwa nzima na kwa hiyo nyaya mlizonifungia hazikuwa na kasoro. Ninaupinga uamuzi huo, kwa kuwa fyuzi kubaki nzima huku waya umeungua ndio ushahidi wenyewe wa kasoro ninayoilalamikia.

Gari ni Peugeot 504 ya mwaka 1978. Kwa nyaya zake za awali, umeme wote wa taa za mbele ulipita kwenye swichi iliyo karibu na usukani ndipo urudi mbele, na volti 13.8 zilizopimwa kwenye betri injini ikiwaka zilifika kwenye balbu zikiwa 11.6 tu. Balbu ya halojeni ikipungukiwa kiasi hicho hupoteza karibu nusu ya mwanga wake, na yeyote aliyewahi kutoka Likasi usiku, nyuma ya malori ya madini yasiyo na taa za nyuma, hatauliza kwa nini nilitaka kufungiwa relei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, ili swichi ya usukani ibaki na kazi ya kuiamsha relei tu, na umeme mkubwa utoke moja kwa moja kwenye betri. Taa ziliwaka vizuri, hilo silikatai.

Lakini fundi wenu aliupitisha waya mwekundu wa betri juu ya ukingo wa bati bila mpira wa kinga, na fyuzi akaiweka kando ya relei, upande wa pili wa injini, zaidi ya mita moja kutoka kwenye betri. Mtikisiko wa barabara ukaula ule waya hadi shaba ikagusa bodi. Fyuzi hukinga kilicho baada yake. Kipande kati yake na betri hakikuwa na kinga yoyote, kikapata moto hadi plastiki ikayeyuka na kuchoma mpira wa maji ya rejeta. Taa zote mbili zilizimika kwa pamoja, nami nikiwa barabarani.

Hata fyuzi yenyewe haikufaa. Balbu mbili za wati 60 zikiwashwa taa ndefu hutumia takriban ampea 10, ninyi mkaweka moja ya ampea 30 kwa taa zote, juu ya waya mwembamba kuliko milimita mraba 2.5. Ingekatika, ningebaki gizani vilevile.

Kwa hiyo ninadai mnirudishie gharama zote zilizo kwenye fakitura, pamoja na bei ya mpira wa rejeta, au mfunge upya kwa gharama zenu: fyuzi karibu kabisa na betri, relei mbili, moja ya taa fupi na moja ya taa ndefu, na kila upande wa gari uwe na fyuzi yake. Aidha, wateja wengine waliofungiwa kwa namna hii waitwe wakaguliwe, maana gari la petroli si mahali pa kubahatisha na moto.

Fyuzi na kipande cha waya kilichoungua ninavyo. Nitamwonyesha fundi yeyote mtakayemtuma, isipokuwa yule aliyefunga, na ukaguzi ufanyike mbele yangu.

Wenu,
Mteja mwenye gari lililotajwa