Tokeni haimo ndani ya simu yako

Mhariri,

Wengi wanaonunua sarafu za mtandaoni hudhani tokeni hukaa ndani ya simu kama picha. Haikai humo. Mkataba mahiri wa tokeni ni programu iliyowekwa kwenye mtandao kama Ethereum, na kiini chake ni daftari tu: anwani upande huu, namba upande ule. Ukimtumia mtu tokeni 50, mkataba unatoa 50 kwenye mstari wako na kuziongeza kwenye mstari wake. Simu inatunza ufunguo wa kutia saini, basi.

Daftari hilo huandika namba nzima tu, bila nukta ya desimali. USDT ya Ethereum, tokeni inayofuata thamani ya dola, imetengewa nafasi 6 za desimali, kwa hiyo dola 50 huandikwa 50000000. Tokeni nyingi nyingine zina nafasi 18. Ada nayo hailipwi kwa tokeni bali kwa ETH, sarafu ya mtandao wa Ethereum wenyewe, ndiyo maana mtu mwenye USDT 200 na ETH sifuri hulalamika kuwa pesa “zimekwama”.

Hatari kubwa imo kwenye amri iitwayo approve, iliyomo katika ERC-20, kanuni za pamoja za tokeni za Ethereum, tangu 2015. Kwa amri hiyo unaruhusu mkataba mwingine uchote kwenye mstari wako. Tovuti nyingi za kubadilisha tokeni huomba kibali kisicho na kikomo, namba ya tarakimu 78, na watu hubonyeza kukubali bila kusoma. Kuondoa pochi, yaani programu inayotunza ufunguo wako, kwenye tovuti hakufuti kibali. Kinafutwa kwa kutuma approve nyingine yenye 0, na hiyo pia ina ada. Afadhali tangu mwanzo uandike kiasi kile kile unachobadilisha.

Halafu kuna mikataba inayokubali kununua na kukataa kuuza. Tokeni iitwayo SQUID ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800, kisha tarehe 1 Novemba 2021 ikaporomoka karibu na sifuri. Wanunuzi wengi walikuwa wameshindwa kuuza hata bei ilipokuwa juu. Kabla ya kununua, bandika anwani ya mkataba kwenye Etherscan, tovuti inayoonyesha mikataba na miamala ya Ethereum, au BscScan kwa tokeni za mtandao wa BNB. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, usipokuwa umechapishwa, achana nayo. Ukiwepo, tafuta nani anaweza kuchapa tokeni mpya, kusimamisha miamala, kufungia anwani au kupandisha makato. Mamlaka hayo peke yake si utapeli, maana hata USDT inaweza kufungia anwani. Angalia pia kama msimbo unaweza kubadilishwa baadaye, kisha pitia orodha ya miamala: je, anwani za kawaida zimewahi kuuza, au zinanunua tu?

Jina si kitambulisho. Yeyote anaweza kutengeneza tokeni nyingine na kuiita USDT. Kwa hiyo naomba gazeti, kila linapoandika habari za tokeni, lichapishe anwani kamili ya mkataba, herufi na tarakimu zote 42 kwa Ethereum na BNB, pamoja na jina la mtandao wake.

Mwandishi wa programu,
Dar es Salaam